Wimbo Ulioitwa Kacyiru Saba

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Kibagabaga alinionyesha santuri isiyo na jina, akaniambia haina kazi. Amefungua mkahawa karibu na barabara iendayo hospitali. Kahawa yake ni chungu, viti vyake havina migongo, na ukutani amepanga santuri za zamani kama wengine wanavyopanga picha za harusi. Mimi hupita pale kwa sababu ni njiani, na kwa sababu mtu wa umri wangu akisikia sindano inagusa sahani, miguu humwamulia.

"Tanti, hii imeharibiwa," alisema. "Wimbo ni mzuri sana, lakini wamebandua karatasi ya katikati. Nani atajua ni wa nani?"

Aliigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa sahani ndogo ya nyimbo mbili, muziki wa soul, na katikati, pale jina lilipopaswa kuwa, palikuwa na weusi mtupu. Nilimwambia inasikitisha kweli. Sikumwambia kwamba kazi ya kubandua karatasi zile niliijua nikiwa na miaka tisa, na kwamba hata leo naweza kuifanya kwa maji ya vuguvugu na ukucha mmoja. Kuna mambo huwezi kumweleza mtu aliyekutengenezea kahawa. Wewe, rafiki yangu, nitakueleza.

Nililelewa Biryogo, kwa bibi yangu, maana wazazi wangu walikuwa Bujumbura wakihangaika na biashara ya vitenge. Sisi ni wale Waislamu wa Kigali ambao babu wa babu yao alikuja na mzigo wa tajiri kutoka pwani, akachoka, akaoa. Nyumbani tulisema Kiswahili, barabarani Kinyarwanda, shuleni Kifaransa, na tulipopigwa tulilia kwa lugha zote tatu. Tulipigwa sana. Mwalimu wetu alikuwa na waya wa umeme aliousuka mwenyewe, na aliupenda kuliko chaki. Bibi alitumia kilichokuwa karibu: mwiko, kandambili, mara moja kuku aliyekuwa bado hajachinjwa. Huwa nawashangaa watu wanaokumbuka utoto wao kama asali. Wangu ulikuwa mtamu, sikatai, lakini ulikuwa mtamu wa muwa. Uupasue kwa meno kwanza, fizi zitoke damu, ndipo upate utamu.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba yangu, alikuwa fundi cherehani barazani kwetu. Siku sita alishona suruali. Jumapili alikuwa mpiga santuri, na hapo hukumtambua. Alivaa shati la kola ndefu alilolishona mwenyewe, akapaka nywele mafuta hadi nzi wakateleza. Mtaa mzima ulipenda muziki wa Kongo. Yeye alitaka soul tu, soul ya Wamarekani weusi, na katika hiyo alitaka ile ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Kiingereza hakujua hata neno. Lakini ukimwuliza mwimbaji anasema nini, alijibu bila kusita: "Huyu iko analia, mke wake amekwenda." Na huyu mwingine? "Huyu pia mke amekwenda. Wamarekani hawajui kukaa na wanawake."

Santuri alizitafuta kama wengine wanavyotafuta mganga. Kulikuwa na mpishi wa nyumba za wageni kule Kacyiru aliyemletea habari kila mzungu alipoanza kufunga masanduku. Kulikuwa na mwalimu Mbelgiji huko Kagarama aliyekubali kubadilisha santuri sita kwa suti moja ya kijivu. Baba mdogo alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, sahani zikiwa zimefungwa ndani ya koti, kifuani, kama mtoto mchanga mwenye homa.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuziosha, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Maji ya vuguvugu, sabuni ya mtoto, kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi. Usiguse uso wa sahani, fuata mistari, zungusha, zungusha. Nilizisimamisha kwenye kichanja cha vyombo zikauke, na bibi akitoka jikoni na sambusa zake anazikuta zimekaa mahali pa sahani za chakula. "Leo tutakula kwenye nini? Kwenye muziki?" Nyumba yetu ilinuka pasi ya mkaa, tangawizi ya chai, mafuta ya sambusa na harufu ile ya santuri iliyolowa ambayo sijaikuta tena popote.

Sasa, nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa jirani yetu, fundi redio, na huyo naye alikuwa mpiga santuri. Hapo ndipo amani ilipoishia. Jumapili baada ya chakula cha mchana hadi karibu na magharibi vijana walicheza bumu, ndivyo tulivyoita dansi ya mchana, na kila mmoja wao alikuwa na bumu yake uani kwake. Spika zilitazamana juu ya paa za watu kama mizinga. Jirani alikuwa na masikio mazuri na macho mazuri zaidi. Alipita kwetu eti kusalimia, akachungulia karatasi ya katikati sahani ikizunguka, na mwezi haukuisha kabla hajaagiza wimbo uleule kutoka Bujumbura.

Basi baba mdogo akaanza kuficha majina. Tuliloweka katikati ya sahani tu, kwa uangalifu, tukabandua karatasi ya kiwandani kwa ukucha, tukabandika mahali pake duara la karatasi ya kaki aliyokatia mitindo ya nguo. Juu yake tukaandika jina letu: mahali santuri ilikopatikana, na namba. Kagarama 3. Kacyiru 7. Karatasi za kweli tulizichoma kwenye jiko la bibi. Baada ya wiki mbili hata yeye mwenyewe hakukumbuka nani aliimba nini. Ujinga huo tuliuita siri ya kazi.

Ilibidi kuwe na daftari la kutukumbusha kila wimbo ukoje na upigwe saa ngapi. Mwandiko wa baba mdogo ulifanana na mshono wa haraka. Wangu ulikuwa mzuri, na nilijua ni mzuri, kwa hiyo daftari likawa langu. Yeye alisema, mimi niliandika. Na hapa, rafiki, naomba uniwie radhi, maana ndipo maisha yangu ya uandishi yalipoanza. Alisema: "Kagarama tatu, saa nane, nzuri." Niliandika: "Kagarama 3. Saa nane. Inaingia kimya kama mwizi, halafu inashambulia." Alisema: "Kacyiru saba, saa tisa na nusu, ile ya kuanguka." Niliandika: "Kacyiru 7. Saa tisa na nusu kamili. Ngoma zikinyamaza, wote wataanguka chini. Hatabaki hata mmoja." Nilikuwa na miaka kumi na nilipenda maneno makali. Bado nayapenda, siku hizi wananiita mwandishi wa insha.

Nikueleze habari ya kuanguka. Katika wimbo ule ngoma zilikimbia, zikakimbia, halafu ghafla zikakata. Kimya cha kuhesabu mbili. Hapo wachezaji wote walijitupa chini vumbini, mgongo au ubavu, kama waliopigwa risasi. Tarumbeta zikiingia wakasimama, wakaendelea kana kwamba hawakufa. Mgeni aliyeona mara ya kwanza alipiga kelele. Biryogo nzima ilianguka namna hiyo katika kila wimbo wenye kimya kama kile, na swali lilikuwa moja: nani alianzisha? Baba mdogo alisema ni yeye. Jirani alisema ni yeye. Jumapili moja jirani aliingia uani kwetu wimbo ukiwa katikati, akasema kwa sauti ya muadhini, "Mwizi wa maanguko!" Baba mdogo akampiga kwa mita yake ya mbao, ikavunjika begani. Jirani akamshika sikio kwa meno. Vijana wa pande zote mbili wakachukua viti. Niliona meno mawili vumbini, ya nani sijui, na bibi akimaliza ugomvi kwa sufuria la maji ya moto ya kuoshea vyombo. Watu walisema wawili hawa siku moja watauana. Sote tuliamini.

Halafu ikaja Oktoba ya mwaka tisini. Vita vilianza mpakani, mbali na sisi, na siku chache baadaye risasi zililia Kigali. Asubuhi wakaanza kusaka nyumba. Kwetu waliingia askari wanne siku ya pili. Walimwaga unga, wakachana godoro kwa kisu, wakampa bibi kofi alipouliza wanatafuta nini. Chini ya meza ya cherehani wakakuta kreti la santuri, na juu ya kreti daftari langu.

Aliyejua kusoma alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. "Kacyiru saba. Saa tisa na nusu kamili." Akawatazama wenzake. Kacyiru ndiko ziliko wizara. "Wote wataanguka chini. Hatabaki hata mmoja."

Baba mdogo alifungua mdomo aeleze, na kitako cha bunduki kikaingia mdomoni humo kabla ya neno. Alikaa chini. Walimpiga akiwa amekaa, wakampiga akiwa amelala. Mmoja alirudia neno moja la Kinyarwanda, ibyitso, vibaraka wa adui, kila teke na neno lake, kama anayefundisha mtoto kusoma. Bibi alimshika mguu, akapigwa kifuani, akatulia. Waliondoka na baba mdogo, kreti na daftari.

Nilimwambia bibi, "Mimi ndiye niliyeandika."

Alinipiga kofi nikaanguka juu ya unga. Kisha akanishika kwa mkono uleule alionipigia. "Simama. Unakwenda kuwasomea."

Alijitwisha mashine ya santuri iliyofungwa kwenye kanga, mimi nikabeba spika, tukaenda kituoni. Kichwa chake hakikutikisika njia nzima. Damu ya mdomo wake ilikuwa imekauka kidevuni na hakuifuta.

Uani mwa kituo walikuwa wamekaa watu kwa mistari, mikono kichwani, juani. Ilionekana wako pale tangu jana, maana wengine walikuwa wamejikojolea na midomo yao ilikuwa imepasuka. Askari walitembea juu ya miguu yao kama juu ya magogo. Nilizijua nyuso nyingi: vijana wa Jumapili, wetu na wa jirani. Jirani mwenyewe alikuwa mstari wa mbele, jicho moja limefungwa kwa uvimbe. Fundi redio wakati wa vita, mwenye nyaya na antena nyumba nzima, hakuhitaji daftari ili akamatwe. Baba mdogo alikuwa amelazwa kifudifudi kwenye saruji, viatu vimevuliwa, nyayo zikitazama juu.

Mkubwa wao, waliyemwita ajida, alikaa mezani chini ya upenu. Alikuwa mwembamba, msafi, mwenye adabu. Alituuliza kwa Kiswahili cha kambini:

"Nani aliandika hii?"

"Mimi."

"Wewe? Mutoto ya shule?"

"Mpe kalamu, mwanangu," bibi alisema. "Aandike uone."

Niliandika mstari mmoja. Aliulinganisha na daftari, akampiga karani wake kichwani kwa daftari hilo. "Anaandika kukushinda wewe." Askari walicheka. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Akapanga mtihani wake. Alitoa sahani kwenye kreti, akasoma jina letu la karatasi ya kaki, nami niseme inaanzaje kabla ya kuipiga. Nikisema sawa, ni wimbo. Nikikosea, si wimbo, na baba mdogo atapigwa waya nyayoni. Nilianza. Kagarama 3, gitaa peke yake, halafu mwanamke anaguna. Tukaipiga: gitaa, mwanamke akaguna. Ajida akatikisa kichwa. "Sawa, hii ni wimbo." Akaivunja kwenye ukingo wa meza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila nilipopata, aliivunja, kwa kuwa haikuwa na kazi tena katika upelelezi. Sahani ikivunjika hutoa mlio mfupi mkavu, kama mfupa wa kuku. Kagarama 5 na Kagarama 6 nilizichanganya, maana siku zote nilizichanganya; wakampiga mpaka ngozi ya unyayo ikafunguka, nami nikiangalia, kwa sababu ajida alisema atakayefumba macho ataanza upya. Baba mdogo hakulia alipopigwa. Alilia zilipovunjwa. Kila mlio wa sahani aliguna "ai", sauti ndogo, kama mtu anayeng'olewa jino na fundi wa mtaani.

Ikabaki moja.

"Kacyiru saba," ajida alisema, akaweka kidole kwenye mstari wangu. "Nani ataanguka?"

"Wachezaji."

"Kwa nini waanguke?"

"Kwa sababu ngoma zimenyamaza."

Wote walicheka, hata karani. Ajida hakucheka. "Weka."

Niliishusha sindano, ikakwaruza, kisha ikashika. Sauti ya mwanamume ikaanza kuomba, taratibu, huku besi ikitembea chini yake. Kisha ngoma. Unajua namna wimbo unaoupenda unavyoingia mahali pabaya, kama mgeni aliyevaa vizuri msibani? Zilikimbia ngoma zile juu ya vichwa vya watu wale waliolowa mkojo, zikakimbia, nami nikaanza kuona kitu uani. Vidole vilivyokuwa vimefumbatwa vichwani vilikuwa vikigonga. Mabega yalikuwa yakijua.

Ngoma zikakata.

Uwanja mzima ukaanguka. Ubavu kwa ubavu, mstari kwa mstari, wakajitupa chini wote kwa pamoja, mikono ikiwa bado kichwani. Kimya. Moja, mbili. Askari mmoja alikoki bunduki. Tarumbeta zikaingia na wote wakakaa tena wima, mikono kichwani, macho mbele, kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna aliyewaambia. Nadhani hata wao hawakukusudia. Walitaka kutusaidia, au miili yao ilitaka Jumapili.

Nilidhani tumeokoka. Nilitaka kumwambia ajida, umeona? Lakini ajida alikuwa amesimama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona jeshi.

"Nani amewafundisha hii?"

Askari wakaingia mistarini na vitako vya bunduki. Nilisikia mkono wa mtu ukivunjika, na mlio wake haukuwa mbali na ule wa sahani.

"Mimi," alisema jirani. Alikuwa amesimama. "Waacheni hao. Ni mimi nimewafundisha."

Na kutoka kwenye saruji, kwa mdomo usio na meno ya mbele, baba mdogo akainua uso. "Mwongo! Ajida, huyu iko mwongo. Ile ni yangu."

"Yako? Wewe hata kuhesabu mbili hujui!"

"Nimeanzisha mimi, kila mtu anajua!"

"Watu walianguka kwangu siku ya Idi, wewe ukiwa juu ya ukuta unachungulia kama paka!"

"Kwako kuna muziki? Kwako kuna redio mbovu tu!"

"Na wewe unapiga santuri na sindano ya cherehani, sha! Unazikwaruza kama unashona!"

Mmoja alikuwa hawezi kusimama na mwingine alikuwa na jicho moja, na walikuwa wakigombania kosa ambalo mtu angeweza kupigwa risasi kwalo. Sijui, hata leo, kama walikuwa wakiokoana au walikuwa wamesahau tulipo. Wazo la kwanza ni zuri zaidi. Mimi niliyewajua nasema yote mawili. Askari walicheka hadi wakaegemea ukuta. Ajida naye alicheka, akafuta macho kwa kitambaa safi.

Alipomaliza alisema, "Nyinyi si wapiganaji. Nyinyi ni wajinga. Lakini mtu anayeweza kuangusha uwanja mzima kwa mara moja, mimi siwezi kumurudisha mtaani wakati ya vita. Mmoja anakwenda nyumbani. Aliyeanzisha anabaki." Akanigeukia. "Mwandishi. Sema wewe. Nani?"

Nilikuwa najua. Siku ile ya Idi, juu ya ukuta, nilikuwa nimekaa kando ya baba mdogo. Tuliona pamoja. Aliniambia nikae kimya, na nilikaa kimya mwaka mzima.

"Jirani," nilisema.

Jirani alinitazama kwa jicho lake moja. Sikuona hasira. Alinyoosha mgongo kama fundi ambaye kazi yake imekubaliwa mbele ya watu, akamgeukia baba mdogo, akatabasamu kwa mdomo uliopasuka.

"Umesikia?"

Ndilo neno la mwisho nililolisikia kutoka kwake. Wakampeleka ndani. Kacyiru 7 ajida hakuivunja. Aliifuta kwa kitambaa chake, akaitia kwenye droo.

Tulimrudisha baba mdogo kwa toroli la kuazima. Vijana wengi waliachiwa baada ya miezi. Jirani hakurudi. Mmoja aliyefungwa naye alimweleza mke wa jirani kwamba alipigwa hadi akafa kabla mwaka haujaisha, na hakupewa hata nguo zake. Baba mdogo alikuwa amesimama pale wakati huo, akitegemea fimbo mbili, akasikiliza yote, kisha akaingia ndani akapasua shati lake la kola ndefu vipande vya kufungia vidonda.

Nyayo zilipona vibaya. Hakuweza tena kukanyaga cherehani, akawa anazungusha gurudumu kwa mkono. Lakini mwaka uliofuata alianza tena bumu, kwa santuri chache zilizokuwa kwa rafiki siku ya msako, na hakuipiga kwetu. Kila Jumapili alisukuma mashine kwa toroli hadi kwenye ua wa mjane wa jirani, akashika kipaza sauti, akawaambia vijana kabla ya sahani ya kwanza: "Kuanguka kuliletwa na mwenye nyumba hii. Atakayesema ni mimi, nitamuvunja mdomo." Akamaanisha. Alimvunja mmoja.

Katika Aprili ya tisini na nne, siku za mwanzo za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mjane yule alijificha kwetu, nyuma ya marobota ya vitambaa. Siku ya nne ilisikika mtaani kwamba nyumba yetu itasakwa. Baba mdogo aliamua kumpeleka msikitini, mchana, kwa vichochoro. Chini ya mtaa kulikuwa na kizuizi kipya cha wanamgambo. Mwanamke aliyeona kupitia dirisha alimsimulia bibi. Waliangalia kitambulisho cha mjane, wakaona neno lililoandikwa humo. Waliangalia cha baba mdogo, wakamrudishia, wakamwambia apite. Hakupita. Walimwambia tena. Alibaki amesimama na fimbo zake mbili, mjane nyuma yake, na wakaanza na yeye, kwa panga, na haikuwa kazi ya pigo moja. Miili yao ilikaa mtaroni siku tatu. Bibi aliwafukuza mbwa kwa mawe mpaka wazee wa msikiti waliporuhusiwa kuwachukua.

Vijana walioanguka uani pale nimejaribu kuwatafuta. Waliobaki wanahesabika kwa vidole, na mmoja aliniomba nisimkumbushe. Ua wetu sasa ni duka la simu. Mtaa umepakwa rangi na kufungiwa magari, watu wanakunywa chai katikati ya barabara, na muziki upo, mzuri tu, lakini ngoma zikinyamaza hakuna afanyaye kitu. Wanangoja ziendelee. Majina ya kweli ya nyimbo zile tuliyachoma kwa mikono yetu, na nikisikia moja kwa bahati redioni, najua nafasi yake Jumapili, najua inafuata baada ya ipi, lakini siwezi kukuambia nani anaimba.

Baba mdogo alinizungumzia habari ile mara moja tu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nikimshikia kitambaa, naye akipiga pasi. Hakuinua macho.

"Siku ile ulisema kweli," alisema. "Lakini ulisema haraka."

Kisha akanyunyizia kitambaa maji, akaendelea.

Siku hizi sentensi moja hunichukua wiki, na mhariri wangu anadhani ni uvivu. Namwacha adhani hivyo. Nimeurudia ua ule mara nyingi kuliko nilivyourudia mji wowote, na kila mara nautazama vilevile. Ajida alikuwa ameegemea kiti, ameweka mikono tumboni. Karani alikuwa anachonga penseli. Askari walikuwa bado wanacheka. Jua lilikuwa juu, mchana mzima ulikuwa mbele yetu, na bibi alikuwa amenishika bega bila kunisukuma. Hakuna mtu uani pale aliyekuwa na haraka, isipokuwa mimi.